Mnamhesabia Matonge, Vidonge Hamuulizi

Hapa Bongo staa akipungua kilo tano tu, kabla jua halijazama ana magonjwa matatu. Mmoja ataandika "ngoma hiyo". Mwingine atasema kafulia, hata hela ya kula hana. Wa tatu ana uhakika ni sindano za kupunguza mwili. Sasa ngoja staa mwenyewe ajitokeze aseme ana ugonjwa wa utumbo usioisha: wale wale wanageuka mabwana lishe. Dada acha nyama. Dada acha ngano. Dada kunywa mwarobaini asubuhi kabla hujapiga mswaki.

Leo sina staa wa kumtaja, na wala simhitaji. Ninaye wa kwetu. Ni mtoto wa shangazi yangu, mzaliwa wa Kibakwe, wilaya ya Mpwapwa, hapa mkoani Dodoma. Ana miaka 26, anasuka nywele, ana mdomo mrefu kuliko mimi, na ana ugonjwa wa Crohn. Kaniruhusu nimsimulie kwa sharti moja: jina lake lisionekane. Basi atakuwa Binamu.

Crohn, tamka "kroni". Majirani wameshalifanya "koroni", na kuna mzee mmoja kule kijijini mpaka leo anavuta kitambaa kufunika pua akimuona, anadhani ni korona. Tunacheka, lakini sio kila siku.

Ni jina la mtu. Dokta Burrill Crohn na wenzake Leon Ginzburg na Gordon Oppenheimer walikuwa hospitali ya Mount Sinai, New York, na mwaka 1932 ndo wakachapisha maelezo ya ugonjwa huu. Kwa lugha ya mtaani iko hivi: askari wa mwili, wale waliowekwa kupigana na vijidudu, wanageuka kuushambulia utumbo wa mwenye mwili. Unaweza kushika popote kuanzia mdomoni hadi njia ya haja kubwa, ila unapenda sana ile sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba. Tumbo linakata, unaharisha wiki hadi wiki, damu inapungua, kilo zinaondoka, unachoka hata kabla hujafanya kazi. Unatulia miezi, halafu unawaka tena. Hauambukizi. Hauletwi na pilipili. Na mpaka leo hakuna dawa ya kuuondoa moja kwa moja. Zilizopo ni za kuutuliza, na kuutuliza ndo mchezo wenyewe, maana ukiachwa uwake tu, utumbo unajaa makovu, unabana, unatoboka, na mwisho wake ni kisu.

Umesoma hapo kwamba hauletwi na pilipili? Shika hilo, tutalirudia.

Binamu alizunguka miaka miwili kabla hajapata jina la ugonjwa wake. Unajua tena, hapa kwetu kila tumbo linalouma ni "vidonda vya tumbo". Alimeza dawa za vidonda hadi muuza duka la dawa akawa anamsalimia kwa jina. Akapimwa HIV mara tatu, mara tatu hana, na bado watu walikuwa wananong'ona. Wengine wakasema kuna mke wa mtu kamtupia kitu. Halafu ikaja TB ya utumbo, na hili la TB mimi silaumu mtu. TB ya utumbo na Crohn zinafanana kama mapacha, hata kwenye kamera, hata kwenye kile kinyama kidogo wanachokata kwenda kupima. Tanzania imo kwenye orodha ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa TB duniani. Na dawa nyingi za Crohn zinashusha kinga. Ukimpa mtu mwenye TB ni sawa na kumwagia moto petroli. Daktari anayekataa kukimbilia jibu hapo anafanya kazi yake.

Kuna na hii ya "huo ugonjwa wa Wazungu". Ina ukoo wake hiyo. Dokta Denis Burkitt alifanya kazi ya upasuaji Uganda karibu miaka 20, mpaka mwaka 1966, kisha akarudi Uingereza akawa mhubiri wa nyuzinyuzi: kwamba vyakula vyetu vyenye makapi mengi vinatukinga na magonjwa mengi ya utumbo yanayowasumbua watu wa kwao. Kuhusu faida ya nyuzinyuzi alisaidia dunia, sibishi. Ila Binamu kakulia dona, uwele na mlenda, mkate wa duka aliuona kwa wageni, na utumbo wake haukusoma hayo maandishi.

Haya, sasa tuje kwenye kilichonifanya niandike.

Siku jina la ugonjwa lilipofika nyumbani, familia ilikaa kikao. Nadhani mnavijua vikao vya kwetu. Shangazi, mjomba, mama mdogo, bibi kwenye kigoda chake, na jirani mmoja ambaye hata sijui aliingiaje. Ajenda ilikuwa moja: sahani ya mgonjwa. Nyama, hapana. Maharage, hapana. Maziwa mgando, hapana. Karanga, hapana. Chumvi kidogo. Mafuta yasiwepo. Mpaka wanamaliza kilichobaki ni uji na dua. Mkoba wa dawa ulikuwa mezani pale pale, katikati yao, na hakuna hata mmoja aliyeuliza "hivi vya rangi hii vinaliwa saa ngapi?"

Na hiyo ndo hoja yangu nzima, naiweka wazi ili wa kunishambulia aanze mapema: kwenye ugonjwa kama huu sisi tunakaza pale pa kulegeza na kulegeza pale pa kukaza. Chakula tunakifanya sheria ya kijeshi. Dawa tunazifanya hiari.

Tuanze na chakula, maana hapo ndo kwenye utamu.

Hakuna orodha moja ya chakula cha Crohn. Nasema tena, haipo. Kinachomkata mmoja, mwingine anakula na kulala usingizi. Ugonjwa ukiwa umewaka, ndio, tumbo linahitaji kubembelezwa: wali laini, viazi vilivyomenywa, ndizi mbivu, yai, samaki, uji uliochekechwa. Na kama utumbo umebana kwa makovu, vitu vya nyuzi na punje ngumu ni hatari kweli, sio mchezo: mahindi ya kuchoma, bisi, miwa, embe lenye nyuzi, karanga nzima. Vinaweza kuziba njia na ukajikuta theatre usiku. Lakini ukitulia, mtu anatakiwa kula. Kula haswa. Adui mkubwa wa hawa watu ni utapiamlo: damu kupungua, mifupa kulegea, kilo kukimbia. Sasa wewe unamnyima nyama, maziwa na maharage mtu ambaye utumbo wake tayari unamnyima nusu ya anachokula. Umemsaidia nini?

Binamu ana daftari. La shule, lile la kurasa 96, lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Kila alichokula kimo, na kilichotokea baadaye kimo, kwa lugha ambayo siwezi kuiandika hapa. Kwa daftari hilo amejua kwamba karanga za kukaanga zinamlaza, ila karanga zilizosagwa laini na kuungwa kwenye mboga zinapita bila neno. Ugali wa dona unamsumbua akiwa vibaya, wa sembe hapana. Maharage anakula mchuzi, punje anaziacha. Kachumbari yenye kitunguu kibichi, marufuku. Na mlenda, jamani mlenda! Ule unaodharauliwa na watoto wa mjini kwamba unavutika, ndo chakula chake cha amani. Unateleza, hauna ugomvi na mtu. Bibi anasema alijua toka zamani. Bibi kila kitu alijua toka zamani.

Hilo daftari lina akili kuliko kile kikao chote, kwa sababu linamhusu yeye. Daktari wake alilisoma ukurasa hadi ukurasa, akamwambia endelea.

Na nyama anakula. Nimekaa naye mnada wa Msalato, Jumamosi, moshi unatuingia machoni, mbavu za mbuzi ziko mbele yetu kwenye sinia. Anachagua laini, anatafuna polepole kama mtu anayehesabu hela za mchango, mafuta mengi anayasukuma upande wangu. Dakika kumi hazijapita akapita mtu tunayefahamiana: "We si mgonjwa wa tumbo? Unajiua." Akaondoka zake kununua pilau. Binamu akaweka mfupa chini, na hamu ikaisha hapo hapo. Mimi hiyo sentensi naihesabu kama ukatili. Wilaya yetu ina hadi aina ya ng'ombe iliyoitwa jina lake, ng'ombe wa Mpwapwa, waliozalishwa kwenye kituo cha utafiti pale pale, halafu mtoto wa huko unataka aishi kwa uji miaka arobaini?

Halafu kula kwetu sio kushiba tu. Harusini mnakaa sinia moja. Msibani mnakula pamoja. Ukikataa chakula cha mama mkwe mtarajiwa umemtukana. Mtu unayemlinda kwenye sahani kila saa mwisho wake anaacha kuja. Binamu aliacha kwenda kwenye shughuli karibu mwaka mzima, na sababu kubwa haikuwa choo, ilikuwa macho ya watu.

Sasa njoo kwenye dawa uone tulivyo wapole.

Alianzishiwa predinisoloni, steroidi ya kuzima moto haraka. Ina tabia moja inajulikana: uso unajaa. Wiki chache tu mashavu yakawa duara kama mwezi wa tarehe kumi na nne. Mnajua kilichotokea? Kijiji kilishangilia! Shangazi alipiga vigelegele, "mwanangu kapona, oneni alivyonawiri". Mjomba, mtu wa heshima zake, akatoa ushauri: "Sasa umepata mwili, hivyo vidonge pumzisha." Yaani athari ya dawa ndo ikawa ushahidi kwamba dawa haihitajiki. Na dawa hizi ukishazitumia kwa wiki nyingi, kuzikata ghafla kunaweza kukuangusha vibaya, zinapunguzwa kwa ngazi na anayepunguza ni daktari. Bahati nzuri Binamu ni mbishi. Alimwitikia mjomba "sawa baba", kwa adabu zote, akaenda kumeza chumbani.

Steroidi hazifai kuwa za kudumu, zinakula mifupa na kupandisha sukari, kwa hiyo akahamishiwa azathioprini. Hii haina haraka, inachukua miezi miwili au mitatu kuanza kuonekana kazi yake, na inataka damu ipimwe mara kwa mara kwa sababu inaweza kushusha chembe nyeupe au kugusa ini. Kwa mtu wa Dodoma mjini hiyo ni asubuhi moja. Kwa mtu wa Kibakwe ni kuamka usiku, gari mpaka Mpwapwa, gari mpaka mjini, foleni, na kama umechelewa kipimo unalala kwa ndugu. Siku mbili bila kusuka kichwa hata kimoja. Hapo hakuna jirani anayetoa ushauri. Wa nyama wapo kumi, wa nauli hayupo.

Kwenye huo upenyo ndo anaingia yule jamaa wa mtandaoni. Simtaji, mnaye kwenye simu zenu, ana sauti ya upole na koti jeupe alilonunua mwenyewe. Anasema hospitali zinatibu dalili, yeye anatibu chanzo. Anasema chakula ndo dawa, vidonge ni sumu. Mzigo wake unauzwa kwa mafungu ya mwezi. Kifurushi kimoja alicholetewa Binamu na rafiki yake mwenye nia njema kilikuwa na sanamaki ndani. Sanamaki, wadau! Majani ya kulainisha choo. Unampa mtu anayekwenda chooni mara nane kwa siku.

Haya sio mapya. Wenye kumbukumbu, rudini mwaka 2011, kijiji cha Samunge kule Loliondo, mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, kikombe shilingi 500. Foleni ya magari ilikuwa ya kilomita na kilomita, wakubwa kwa wadogo. Mzee mwenyewe alifariki mwaka 2021 na simsemi vibaya, bei yake ilikuwa ya huruma kuliko hawa wa leo. Kilichouma ni wale walioacha dawa za kufubaza virusi au za kifua kikuu kwa sababu walishakunywa kikombe. Watu hawakwenda kule kwa ujinga, sikubaliani na wanaosema hivyo. Walikwenda kwa sababu hospitali ilikuwa mbali, ghali, na daktari aliongea nao dakika tatu bila kuwaangalia usoni. Babu aliwaangalia. Huyo wa mtandaoni naye anajibu ujumbe saa tano usiku. Hospitali zetu zikae na hilo.

Nitendee haki upande wa pili. Chakula kinaweza kuwa tiba ya Crohn, hilo ni kweli, na limeandikwa kwenye miongozo ya madaktari: watoto wenye ugonjwa huu wanaweza kuwekwa kwenye maziwa maalumu ya lishe pekee, wiki sita hadi nane, bila kula kitu kingine chochote, na moto ukazimika bila steroidi. Lakini angalia vizuri. Hayo maziwa yana kipimo, yana muda, na daktari na mtaalamu wa lishe wanafuatilia kila hatua. Ni chakula kilichobebeshwa nidhamu ya dawa. Chai ya jamaa wa mtandaoni haimo humo.

Na mambo ya kukaza yapo, msije mkasema nimemruhusu kila kitu. Sigara inauchochea Crohn kwa kiasi ambacho hakina ubishi. Na shisha nayo ni moshi wa tumbaku, hata ukiutia harufu ya tufaha. Dawa za maumivu za kundi la diklofenaki, ile diklopa mnayopeana kama pipi, zinaweza kuuamsha ugonjwa uliolala. Pombe na baadhi ya dawa hizi haziendi pamoja. Mbona sijawahi kusikia kikao cha familia kinamfokea mtu kwa diklopa? Nyama ya mbuzi ndo inafokewa.

Wapenzi wa mpira mnamkumbuka Darren Fletcher, kiungo wa Manchester United. Yeye alikuwa na ndugu wa Crohn, unaoshika utumbo mpana. Desemba 2011 klabu ikatangaza anapumzika kwa muda mrefu kwa ajili ya ugonjwa huo, Januari 2013 akafanyiwa upasuaji, na akarudi uwanjani, baadaye akawa nahodha wa West Brom. Binamu hampendi huyo mfano. Anasema Fletcher alikuwa na klabu nyuma yake, yeye ana kiti cha saluni na mteja anayetaka rasta ziishe kabla ya saa kumi. Ana hoja.

Maana sasa hivi ana uamuzi mbele yake na sio wa nyama. Azathioprini inamtuliza nusu nusu. Daktari kamuwekea njia mezani. Kuna methotreksati, ya bei nafuu, ila anayetaka kushika mimba haruhusiwi kuitumia, na Binamu ana mchumba na mahari imeshaanza kuzungumzwa. Kuna upasuaji wa kuondoa kipande kilichobana, unaweza kumpa miaka ya nafuu, lakini Crohn haumalizwi kwa kisu, huwa unarudi hata pale walipounga. Na kuna sindano za kisasa, kama infliksimabu iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1998 kwa ugonjwa huu huu: drip, ikishakolea ni kila baada ya wiki nane, baada ya kuhakikisha tena kwamba TB haipo. Bei yake ukitajiwa unakaa chini kwanza.

Kila njia hapo ina gharama yake kwenye mwili, mfuko na ndoa, na hakuna jibu ambalo mimi au wewe tunaweza kumchagulia. Mchumba anataka upasuaji, iishe. Shangazi anataka maombi na uji. Mwenyewe anaegemea sindano, na ndo maana wiki iliyopita alinitumia ujumbe saa sita usiku. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, kaisikia redioni kama wote tulivyoisikia. Swali lake lilikuwa la mstari mmoja: hiyo sindano imo kwenye kitita au haimo? Tumekubaliana Jumatatu twende wote dirishani tukaulize, tukiwa na karatasi ya daktari na lile daftari.